Jinsi ya kudai kipakatalishi chenye kasoro ya kiwandani kitengenezwe bila malipo

KIPAKATALISHI kinapozimika na kukataa kuwaka miezi michache baada ya muda wa dhamana kumalizika, wenye vifaa hivyo wengi huamini kwamba hawana la kufanya ila kutafuta fundi na kutoa pesa mfukoni. Imani hiyo si ya kweli kila mara.

Ikiwa sehemu iliyoharibika ilikuwa na kasoro tangu siku kifaa kilipotoka kiwandani, mzigo wa kuitengeneza unaweza kurudi kwa mtengenezaji au kwa muuzaji, hata kama mwaka mmoja ulioandikwa kwenye kadi ya dhamana umepita.

Yanayoamua hapa ni mambo mawili: aina ya kasoro yenyewe, na ushahidi alio nao mwenye kifaa. Anayefika dukani na malalamiko matupu hurudi nyumbani mikono mitupu. Anayefika na stakabadhi, tarehe na maandishi huwa vigumu kumfukuza.

Kwa mwanafunzi aliyenunuliwa kipakatalishi cha Sh60,000 baada ya wazazi kuuza ng'ombe, au kwa karani anayetegemea tarakilishi yake kupata riziki, tofauti kati ya watu hao wawili si ndogo. Bei ya kubadilisha bodi kuu peke yake inaweza kumfanya mtu aone heri akitupe kifaa na kuanza upya.

Kasoro na uchakavu

Hatua ya kwanza ni kutofautisha kasoro ya kiwandani na madhara yaliyotokana na matumizi. Kioo kilichovunjika kwa kuanguka, kibodi iliyomwagikiwa chai, au bodi iliyoungua kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka, si makosa ya mtengenezaji. Betri inayopungua nguvu polepole baada ya miaka kadhaa nayo huhesabiwa kuwa imechakaa tu.

Kasoro ya kiwandani ina dalili zake. Hutokea bila kifaa kuangushwa wala kulowa. Aghalabu hujitokeza katika sehemu ile ile na kwa namna ile ile, kwenye vifaa vingi vya toleo moja. Na mara nyingi hurudi hata baada ya kutengenezwa, kwa kuwa sehemu mpya iliyowekwa ina udhaifu ule ule wa ile ya kwanza.

Dalili hiyo ya pili, ya wengi kupatwa na tatizo moja, ndiyo silaha kubwa ya mnunuzi. Mtu mmoja akilalamika, kampuni inaweza kusema alikitumia vibaya. Maelfu wakilalamika juu ya jambo lile lile, sababu hiyo hukosa mashiko.

Kisa cha chipu za mwaka wa 2008

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri ni wa chipu za michoro zilizotengenezwa na kampuni ya Nvidia ya Marekani. Chipu hizo, ambazo kazi yake ni kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini, ziliwekwa katika vipakatalishi vya kampuni mbalimbali, zikiwemo HP, Dell na Apple.

Chipu hupata moto kifaa kinapofanya kazi na kupoa kinapozimwa. Kila inapopata moto hutanuka, na kila inapopoa hunywea. Katika chipu hizo, mchanganyiko wa vitu vilivyotumiwa kuishikiza chipu kwenye kibati chake ulikuwa dhaifu. Baada ya kuwashwa na kuzimwa mara nyingi, viungo vidogo vya lehemu vilipata nyufa.

Matokeo yakawa skrini kujaa mistari, picha kuvurugika, au skrini kubaki nyeusi ilhali kifaa chenyewe kinasikika kikinguruma. Kila mwenye kifaa aliweza kudhani kwamba hiyo ni bahati yake mbaya.

Mnamo Julai 2, 2008, Nvidia ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola milioni 150 na dola milioni 200 kugharimia ukarabati na ubadilishaji wa bidhaa zilizoathirika. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba tatizo halikuwa la mtu mmoja mmoja.

HP ilikuwa tayari imeongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya matoleo yake tangu Novemba 2007. Dell nayo iliongeza miezi 12 kwa matoleo yaliyohusika mnamo Agosti 2008.

Apple ilikuwa imehakikishiwa na Nvidia kwamba vifaa vyake havikuathirika. Uchunguzi wake yenyewe ulionyesha kinyume, na mnamo Oktoba 2008 ikatangaza kuwa ingetengeneza bila malipo vipakatalishi vya MacBook Pro vilivyohusika, hata kama dhamana yake ilikuwa imekwisha. Waliokuwa wamekwisha kulipia ukarabati huo waliahidiwa kurudishiwa pesa zao.

Mwanzoni mpango huo wa Apple ulikuwa wa miaka miwili tangu siku ya kununua. Baadaye muda huo uliongezwa hadi ukafika miaka minne. Aidha, kesi ya pamoja iliyowasilishwa nchini Marekani dhidi ya Nvidia iliishia kwa maafikiano yaliyoidhinishwa na mahakama ya California mnamo Desemba 2010.

Kisa hicho kina mafunzo matatu. Kwanza, kumalizika kwa dhamana hakumaanishi kumalizika kwa haki. Pili, aliyetunza stakabadhi ya fundi aliweza kudai pesa alizokuwa amekwisha kutoa. Tatu, mipango ya aina hii ina mwisho wake, na anayechelewa hukosa.

Kibodi zilizokwama

Miaka kumi hivi baadaye, jambo kama hilo lilijirudia. Mnamo 2015 Apple ilianza kutumia kibodi nyembamba za muundo mpya katika vipakatalishi vyake. Vumbi kidogo tu likiingia chini ya kitufe, herufi ilikwama, ilikataa kuandika, au ilijiandika mara mbili.

Mnamo Juni 2018 kampuni hiyo ilianzisha mpango wa kutengeneza kibodi hizo bila malipo kwa muda wa miaka minne tangu siku kifaa kilipouzwa dukani kwa mara ya kwanza. Waliokuwa wamelipa waliruhusiwa kuomba kurudishiwa fedha. Mwishoni mwa mwaka wa 2019 kampuni ilianza kurudia muundo wa zamani wa kibodi.

Kesi iliyofuata ilimalizika mnamo 2022 kwa Apple kukubali kulipa dola milioni 50, bila kukiri kosa. Hata hivyo, pesa hizo zilikuwa za wanunuzi wa majimbo saba tu ya Marekani. Mpango wa kutengeneza kibodi, kwa upande wake, haukuwekewa mipaka ya majimbo hayo.

Kwa hivyo mnunuzi wa Nairobi au Mombasa hana budi kuelewa kwamba fidia ya mahakama ya ng'ambo huenda isimfikie kamwe, lakini mpango wa ukarabati unaweza kumfaa, iwapo atajua kuwa upo na kuuomba kabla ya muda wake kwisha.

Milango minne ya kubisha

Wanaodai hushindwa mara nyingi kwa sababu hubisha mlango mmoja tu. Ipo minne, na kila mmoja una masharti yake.

Mlango wa kwanza ni dhamana ya mtengenezaji. Hii ni ahadi ya maandishi ambayo kwa vipakatalishi vingi hudumu mwaka mmoja. Mnunuzi asome imeandikwa ya nchi gani, kwa kuwa baadhi ya kampuni hutoa huduma popote duniani, na nyingine hutaka kifaa kitengenezwe katika nchi kilikonunuliwa.

Mlango wa pili ni mpango maalum wa ukarabati, kama ile iliyotajwa hapo juu. Mipango hii hutangazwa katika tovuti ya mtengenezaji, mara nyingi bila kelele. Aghalabu kinachotazamwa ni nambari ya utambulisho wa kifaa, wala si jina la aliyekinunua kwanza.

Mlango wa tatu ni wa kurudisha bidhaa zilizo hatari. Mnamo Agosti 2006, Dell iliwataka wateja wake kurudisha betri milioni 4.1 zenye seli zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu zingeweza kushika moto. Mwezi huo huo Apple ikarudisha betri milioni 1.8. Jambo likifikia usalama wa watu, kampuni hubadilisha sehemu hiyo bila kuuliza habari za dhamana.

Betri iliyofura hadi kuinua kibodi haifai kuchajiwa wala kutobolewa. Kifaa kizimwe, kiwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na kampuni ijulishwe mara moja.

Mlango wa nne ni sheria ya nchi, na huu humhusu zaidi muuzaji kuliko mtengenezaji aliye mbali.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na kufidiwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro zake.

Kabla ya Katiba hiyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilikuwa tayari inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani kuhakikisha kwamba zina ubora unaostahili kuuzwa. Mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuifichua. Lakini ufa ulio ndani ya chipu hauonekani kwa macho dukani, kwa hivyo kasoro iliyofichika namna hiyo haimfungi mdomo.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inaongezea hapo. Chini ya sheria hiyo, muuzaji huchukuliwa kuwa ametoa hakikisho la ubora hata kama hakutamka neno, na haki za mtumiaji haziondolewi na makubaliano yanayosema vinginevyo.

Hii ina maana kwamba maandishi yanayoonekana katika stakabadhi nyingi za madukani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayatoshi kumnyima mnunuzi haki yake iwapo aliuziwa kifaa kibovu.

Kabla ya kupeleka dai

Mali bila daftari hupotea bila habari. Maandalizi ya dai huanza siku ya kununua, si siku ya kuharibika. Stakabadhi nyingi hufutika wino baada ya miezi michache, kwa hivyo ni busara kuipiga picha na kuihifadhi katika barua pepe pamoja na kadi ya dhamana.

Stakabadhi ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Kampuni isipokuwa na ushahidi wa siku ya kununua, inaweza kuhesabu dhamana kuanzia siku kifaa kilipoondoka kiwandani au ghalani. Kifaa kilichokaa miezi minne katika rafu ya duka kinaweza kuonekana kimepitwa na muda, kumbe bado. Stakabadhi hurekebisha kosa hilo.

Nambari ya utambulisho huwa chini ya kipakatalishi au katika mipangilio ya programu yake. Mwenye kifaa akiiandika katika tovuti ya mtengenezaji ataona dhamana inaisha lini, na mara nyingine kama kifaa chake kimo katika mpango wowote wa ukarabati.

Kisha kasoro ithibitishwe. Ikiwa skrini ni nyeusi, kifaa kiunganishwe na skrini nyingine ya nje. Picha ikionekana sawasawa huko, huenda ubovu ni wa skrini au waya wake. Picha ikivurugika kote kuwili, huenda tatizo liko katika chipu ya michoro. Ikiwa kifaa hakichaji, kijaribiwe kwa chaja nyingine halali ya aina hiyo hiyo.

Vipakatalishi vingi vina programu ya kujipima. Katika vingi vya HP hufunguliwa kwa kubonyeza F2 wakati wa kuwasha, na katika vya Dell kwa kubonyeza F12. Majibu yakitokea pamoja na nambari ya kosa, yapigwe picha. Nambari hiyo ni ushahidi unaotoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na si rahisi aukanushe.

Kosa moja lazima liepukwe. Kifaa kisifunguliwe na fundi wa kando ya barabara kabla ya dai kuwasilishwa. Baadhi ya mafundi huipasha chipu moto kwa hewa kali ili viungo vishikane tena. Kifaa huwaka kwa wiki kadhaa, kisha hufa tena, na kampuni hupata kisingizio cha kusema kwamba fundi ndiye aliyekiharibu.

Baadhi ya watengenezaji huweka ndani vibandiko vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na maji. Kwa sababu hiyo, kudanganya juu ya kifaa kilichomwagikiwa maji hakufai kitu, na kunaweza kuharibu hata dai la haki.

Kuandika dai

Simu ni nzuri kwa kuuliza, lakini dai liandikwe. Anayeandika kwamba kipakatalishi ni kibovu na kwamba anataka pesa zake hampi mpokeaji kitu cha kufanyia kazi.

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inataja toleo la kifaa, nambari yake, mahali na siku kiliponunuliwa, siku kasoro ilipoanza, na yaliyofanywa kuipima. Inaeleza kwamba hakikuangushwa wala kulowa. Inataja mpango wa ukarabati unaohusika, kama upo. Mwishoni inaomba jambo moja lililo wazi, kwa mfano: "Naomba bodi kuu ibadilishwe bila malipo, na nijibiwe kwa maandishi katika muda wa siku 14."

Kila mazungumzo yapewe nambari ya kumbukumbu, na mwenye kifaa aandike tarehe na jina la aliyemhudumia. Lugha iwe ya heshima. Mhudumu wa kwanza aghalabu hana mamlaka ya kuruhusu ukarabati nje ya dhamana, na kumtukana hakumpi mamlaka hayo. Anayekataa aombwe kwa upole kulipeleka suala kwa mkubwa wake na kuandika sababu ya kukataa.

Kampuni nyingi huwapa wakubwa hao nafasi ya kusaidia kwa hiari yao, hasa kifaa kikiwa kimepita dhamana kwa muda mfupi. Wanaoomba hupata. Wasioomba hawapelekewi.

Kabla ya kukabidhi kifaa, kazi zote zinakiliwe kwingine, kwa kuwa ukarabati unaweza kufuta kila kitu. Mwenyewe adai hati inayotaja nambari ya kifaa na hali yake siku alipokiacha.

Wakikataa kabisa

Nchini Kenya, Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamishi ya watumiaji waliodanganywa kuhusu bidhaa au kutendewa isivyo haki, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010.

Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60 tangu kuwasilishwa.

Anayeshtakiwa huko kwa kawaida ni duka lililouza, kwa sababu ndilo lililofanya mkataba na mnunuzi. Dai la mkataba linaweza kuwasilishwa ndani ya miaka sita, ingawa kadiri muda unavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuthibitisha kwamba ubovu ulikuwepo tangu mwanzo.

Mara nyingi barua moja tu ya mwisho, inayoorodhesha ushahidi na kutaja kwamba hatua inayofuata ni mahakamani, hutosha kumfanya muuzaji afikirie upya.

Na vifaa vya mitumba?

Wakenya wengi hununua vipakatalishi vilivyotumika, vilivyoletwa kutoka Uingereza na kwingineko. Hivi kwa kawaida huwa vimekwisha kupitwa na dhamana ya mtengenezaji, na mnunuzi hubaki na ahadi ya duka ya miezi kadhaa. Ahadi hiyo iandikwe katika stakabadhi, pamoja na nambari ya kifaa, kabla pesa hazijatolewa.

Hata hivyo, kwa kuwa mipango maalum hufuata nambari ya kifaa, haigharimu chochote kuikagua hata kwa kipakatalishi cha mtumba. Dakika tano za kutazama tovuti ya mtengenezaji zinaweza kuokoa pesa za karo ya muhula.

Si kila dai litakalofaulu. Kifaa kilichochakaa kwa miaka mingi, au kilichoangushwa, hakina wa kukidaia. Lakini mwenye kifaa kilichokufa kwa kasoro ambayo hakuisababisha asikubali kulipa kabla hajauliza maswali matatu: je, wengine wamepatwa na tatizo hili, mtengenezaji amesema nini kulihusu, na stakabadhi yangu iko wapi?